Andika Hapana

Msimu wa kukamua alizeti ulikuwa umepamba moto Kondoa pale baba mmoja alipozima mashine yake saa nne asubuhi, akanawa mikono, akamwita binti yake wakaenda steshenari kujaza maombi ya mkopo wa chuo kikuu. Kisa hiki nimekitunga, kwa hiyo usiende Kondoa kumtafuta huyo baba. Lakini mwalimu yeyote wa kidato cha sita akikisoma atakuambia anawajua wawili watatu wa namna hiyo.

Binti alikuwa amemaliza mchepuo wa HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, na amepata daraja la pili. Kijana wa steshenari alikuwa akiuliza na kuchapa. Namba ya mtihani wa kidato cha nne? Cheti cha kuzaliwa kimeshahakikiwa RITA? Baba yupo? Mama yupo? Mdhamini nani? Akafika mahali akauliza kwa sauti ileile: "Mwombaji ana ulemavu wowote?"

Binti alikuwa amesogeza uso hadi karibu aguse skrini, akijaribu kufuata kinachoandikwa. Kabla hajafungua mdomo, baba alijibu.

"Andika hapana."

Kijana akageuka, akamtazama binti, akaitazama ile nafasi ndogo iliyobaki kati ya pua na kioo. "Mzee wangu, hapa ukisema ndiyo kuna fomu yake, inajazwa na daktari..."

"Nimesema andika hapana. Huyu macho yake dhaifu kidogo tu. Mlemavu wa macho ni yule anayeongozwa kwa fimbo."

Ikaandikwa hapana. Wakalipa shilingi 30,000 za maombi, wakamlipa na kijana chake, wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kugongewa muhuri na kwa wakili kuapa kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli.

Hayakuwa kweli. Binti alikuwa na uoni hafifu tangu akiwa na miaka miwili. Surua ilimkuta ameachishwa ziwa karibuni, mwili hauna akiba ya vitamini A, na ilipoondoka iliacha kovu kwenye kioo cha mbele cha macho yote mawili. La kushoto likazimika. La kulia likabaki linasoma herufi zilizo umbali wa shubiri moja. Kovu la namna hiyo haliondolewi na miwani, ingawa baba alimnunulia miwani ya mnadani zaidi ya mara moja, na kila mara akamuuliza: sasa unaona? Naye, mtoto mwenye adabu, alijibu anaona.

Alisoma kwa kukaa dawati la mbele na kwa kunakili usiku kutoka kwenye daftari la rafiki yake. Alipokuwa kidato cha nne, mwalimu wa darasa alimwita baba shuleni akamweleza kwamba Baraza la Mitihani lina utaratibu kwa wanafunzi wa aina hiyo. Karatasi zao huchapwa kwa maandishi yaliyokuzwa, na huongezewa muda, dakika 20 kwa kila saa katika hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kinachotakiwa ni shule kumsajili hivyo mapema. Baba alimshukuru mwalimu kwa heshima zote, akaaga, akakataa. Binti akafanya mtihani kwa karatasi ya kawaida, na ramani ya jiografia ikamshinda kabisa. Kwamba alifaulu hata hivyo ni sifa yake, na baba aliichukua sifa hiyo kama ushahidi kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Tusimseme vibaya kupita kiasi. Alimpenda mwanawe, na hofu yake ilikuwa na sura: posa. Alikuwa na mabinti wanne, na aliamini nyumba ikishaandikwa serikalini kwamba ina mlemavu, wachumba wa wote wanne watapita njia nyingine. Shangazi yake binti, dada mtu wa huyo baba, ndiye pekee aliyethubutu kumkabili.

"Kaka, mficha maradhi kifo humuumbua."

Baba akacheka. "Dada, hukumsikia yule afisa ustawi wa jamii kwenye mkutano? Alisema ulemavu si ugonjwa. Sasa maradhi gani ninayoyaficha?"

Shangazi alinyamaza. Nami nakiri jibu lile lilikuwa kali. Maneno mazuri ya semina humfaa hata anayetaka kukwepa kilichosemwa kwenye semina.

Swali lile la steshenari watu wengi hudhani ni la takwimu, kama yale ya makarani wa sensa. Ndiyo maana inafaa kulieleza. Enzi za akina babu wa binti huyu, miaka ya 1970 na 1980, aliyechaguliwa kwenda chuo kikuu alisomeshwa na serikali, chakula na malazi na hata waranti ya kusafiria. Uchangiaji wa gharama uliingia miaka ya 1990, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Fedha hazijawahi kuwatosha waombaji wote, kwa hiyo Bodi hupima nani mhitaji zaidi. Hutazama kama mwombaji ni yatima, kama kaya yake inahudumiwa na TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, na kama yeye mwenyewe au mzazi wake ana ulemavu. Kwa hilo la mwisho kuna fomu maalumu, ambayo lazima ithibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kuithibitisha, wala mwalimu, wala padri au shehe. Fomu isipokuwepo, ulemavu haupo. Mfumo unaopokea maombi kwa kompyuta haumwoni mtu, unaona viambatisho.

Mtu anaweza kusema huu ni ukatili wa makaratasi, na ana haki yake. Kijana asiye na miguu anayetoka kijiji cha mbali aende mjini kwa daktari ili aandikiwe kwamba hana miguu! Lakini wako pia waliowahi kujifanya viziwi kwenye fomu na wakawa wanapokea simu nje ya ofisi, na kila mmoja wao alikuwa akila fungu la kiziwi wa kweli. Uthibitisho utaendelea kudaiwa. Jambo la kupigania ni usogezwe karibu na watu, na mtoto mwenye ulemavu wa kudumu asirudishwe kuthibitishwa upya kila anapobisha hodi kwenye ofisi nyingine.

Turudi Kondoa. Binti alipangiwa mkopo mdogo. Na kwa nini asipangiwe mdogo? Kwa mujibu wa fomu, alikuwa msichana mwenye afya kamili, wazazi wote hai, baba mwenye mashine ya kukamua mafuta. Ungekuwa wewe ndiye unayegawa fedha zisizotosha, fomu hiyo usingeiweka juu.

Baba alichanganyikiwa. Mtu akamwambia kuna mikopo ya watu wenye ulemavu halmashauri. Kesho yake akaenda. Ni kweli ipo: kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba ile ni mitaji ya biashara na haikuwekwa kwa ajili ya ada. Akamuuliza kwa upole: "Kwani mzee, kwenye maombi ya Bodi mliandika binti ana ulemavu?" Baba akasema hapana. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amekubali mbele ya ofisa kwamba mwanawe ana ulemavu, na alikuwa amekubali katika ofisi isiyohusika.

Hata hapo mlango ulikuwa haujafungwa. Baada ya kupanga mikopo, Bodi hufungua dirisha la rufaa kwa wasioridhika, na aliyesahau kuambatisha uthibitisho huweza kuuleta. Mwalimu yule wa zamani alipiga simu mwenyewe kumkumbusha baba: mpeleke binti kwa Mganga Mkuu wa Wilaya wiki hii, fomu ijazwe, tukate rufaa. Baba akaitikia, "Sawa mwalimu, nimekuelewa," na jioni ile akapokea simu ya pili.

Ilikuwa ya mtu aliyepewa namba na binamu. Alijitambulisha kwamba yuko Dar es Salaam, ana mtu ndani. Alizungumza vizuri sana. "Mzee wangu, rufaa ni kupoteza muda, wanaokata ni maelfu. Mimi jina la binti naliingiza kwenye mfumo usiku wa leo, asilimia mia moja. Nitumie laki nne tu, nusu yake si yangu, ni ya wakubwa."

"Na fomu ya daktari?" baba akauliza.

"Fomu ya nini, mzee? Mimi na wewe tunaelewana, fomu ya nini?"

Hapo ndipo dalali alipomshika. Mtu huyu hakumwomba aseme lile neno. Baba akatuma shilingi 400,000 kwa simu. Wiki ile ikapita, dirisha la rufaa likafungwa, na namba ya dalali ikawa haipatikani. Bodi haina madalali wala mawakala wa kupangia watu mikopo, na imekuwa ikilisema hilo kila msimu. Baba alikuwa amelisikia redioni. Alikuwa na mashine ya kukamua mafuta, si mjinga wa hesabu. Mkulima akimletea gunia lenye makapi alimjua kabla halijashushwa. Aibu ndiyo iliyomfanya asione.

Binti akaenda chuo, chuo kimoja kikubwa katika jiji ambalo halihitaji kutajwa. Fedha za kujikimu, zile ambazo wanafunzi huziita bumu, ziliingia pungufu, na baba akawa anaongezea kadiri alizeti ilivyouzika.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hili la gharama ndilo wazazi wengi hawalijui, na hata baadhi ya wapanga bajeti huliruka. Kiwango cha kujikimu kilipandishwa mwaka wa masomo 2022/2023 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Wachukue wanafunzi wawili wanaokipata kikamilifu, wanakaa hosteli moja. Mmoja anaona. Asubuhi chai na chapati, daladala hadi darasani, mchana wali maharage, jioni maktaba, na kitabu cha maktaba ni bure. Mwenzake haoni. Daladala mbili zimeshampita kwa sababu hakuna aliyemsomea ubavuni zinakwenda wapi. Ya tatu konda amemwambia "panda twende" na imempeleka siko. Kuanzia siku hiyo anapanda bodaboda. Kitabu kipo maktaba, bure kwa yule mwingine, lakini kwake hakisomeki mpaka amlipe mtu amsomee, au amlipe mtu akipige picha ukurasa kwa ukurasa. Karatasi za nukta nundu ni nene, haziuzwi kila duka, na mashine ya kuziandikia aina ya Perkins ni ghali mno kwa anayeishi kwa bumu. Kiziwi naye anaweza kukaa safu ya mbele kila siku, na bila mkalimani wa lugha ya alama atatoka na mdomo wa mhadhiri tu, ukitembea. Anayetumia kiti mwendo atapanga chumba cha bei kubwa karibu na geti kwa sababu cha bei ndogo kiko ghorofa ya tatu.

Wote hawa wamepewa kiasi kilekile, na makaratasi yanasema wamepewa sawa. Wakihitimu watarejesha sawa pia: sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016 inamtaka mwenye ajira akatwe asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa ziliondolewa mwaka 2021, na wadaiwa wengi walishangilia. Lakini deni lenyewe ni lilelile kwa aliyelila kama chakula na kwa aliyelimaliza kwa kuwalipa wasomaji na bodaboda. Sioni haki hapo. Gharama inayoletwa na ulemavu haikupaswa kuwa deni la mwenye ulemavu; ilipaswa kuwa ruzuku, au huduma inayotolewa na chuo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 24 inaitaka nchi ihakikishe wanaingia vyuoni bila kubaguliwa na wanapata marekebisho wanayoyahitaji. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Vyama vya watu wenye ulemavu kama SHIVYAWATA, CHAVITA na Chama cha Wasioona vimezidai haki hizo kwa miaka mingi.

Haki hizo zote, binti wa Kondoa hakuwa na pa kuzidai. Alikuwa ameandikwa hapana.

Muhula wa kwanza alijaribu mbinu zake za zamani. Lakini ukumbi wa mihadhara wa chuo haufanani na darasa la sekondari. Mhadhiri alikuwa akionyesha maandishi ukutani na kusonga mbele. Safu ya mbele ilikuwa mbali na ukuta kuliko dawati lake lolote la zamani. Daftari la rafiki halikuwepo, kwa sababu wanafunzi wenzake hawakuandika. Walipiga picha kwa simu. Mhadhiri mmoja alimwona ameinamia karatasi akadhani amelala, akamtoa nje. Binti akatoka bila kujieleza. Angejieleza vipi? Baba alimwambia siku anaondoka: "Mama, usimwambie mtu. Vumilia, miaka mitatu tu."

Chumbani alikaa na msichana asiyeona kabisa, aliyeanzia Shule ya Wasioona Buigiri kule Chamwino. Huyu alikuwa na fomu yake ya Mganga Mkuu tangu awali, na mkopo wake ulikuwa mzuri. Usidhani maisha yake yalikuwa mteremko. Bumu lilichelewa kwake kama kwa wengine, na alikuwa na maneno makali juu ya mashine ya kuchapia nukta nundu iliyokaa bila kutengenezwa tangu afike. Lakini wiki ya kwanza alikwenda kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu akajiandikisha. Wahadhiri wake wakaandikiwa barua. Mitihani yake ikawekewa muda wa ziada. Kwenye kompyuta yake alikuwa na NVDA, programu inayosoma maandishi kwa sauti, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia. Haiuzwi, mtu anaipakua bure.

Miezi ilipita kabla hajamgundua mwenzake, na aligundua kwa sikio. Usiku mmoja alisikia karatasi ikikwaruza uso.

"Mwenzangu, wewe unasoma kwa pua?"

Binti akacheka, kisha akalia, kisha akasema yote.

"Kwa hiyo siku zote hizi mimi ndiye kipofu na wewe ndiye unayehangaika?" Akamshika mkono wakaenda kitengo asubuhi yake. Waliwapokea vizuri. Wakamwonyesha kikuzaji kilichomo ndani ya kompyuta yenyewe, ambacho kingemfaa tangu siku ya kwanza. Kuhusu muda wa ziada wakamwambia ukweli: tunahitaji uthibitisho wa daktari, na mitihani ya mwisho wa mwaka ni wiki ijayo. Hospitalini akapewa tarehe ya kumwona daktari wa macho iliyoangukia baada ya mitihani.

Matokeo yalitoka na sapu za masomo mengi. Akarudia mitihani mwezi Septemba, sasa na barua ya daktari mkononi na muda wa nyongeza, akafaulu baadhi. Hakufikia wastani uliotakiwa. Kwa lugha ya wanafunzi, alidisko.

Alirudi Kondoa na begi, kompyuta ya mkopo iliyobidi airudishe, na deni. Watu wengi hudhani ukifukuzwa masomo mkopo unafutika. Haufutiki. Aliyeacha au kuachishwa chuo anadaiwa kila senti aliyopokea. Na anayetaka kuomba upya, mwongozo wa Bodi umekuwa ukimtaka awe amerejesha angalau asilimia 25 ya alichochukua kwanza. Binti alikuwa amepokea shilingi 1,800,000 kwa mwaka ule mmoja. Robo yake ni 450,000. Baba aliipiga hesabu hiyo nyuma ya daftari lake la alizeti, na juu ya ukurasa uleule kulikuwa na mwandiko wake wa mwaka uliopita: 400,000, na jina la uongo la dalali.

Ilimchukua misimu miwili kuipata. Katika misimu hiyo binti alisaidia kwenye mashine, akiyatambua mafuta yaliyochujwa vizuri kwa kuyagusa na kunusa, na mmoja wa dada zake aliposwa. Wachumba walikuja, wakakaa, wakala pilau, wakamsalimia binti mwenye karatasi puani kwa heshima zote, wakaondoka na tarehe ya ndoa. Hofu yote ya baba ilipita mlangoni ikanywa soda ikaaga.

Hatimaye walikwenda hospitali ya wilaya, baba na binti. Daktari alimsimamisha mita 6 kutoka kwenye ubao wa herufi. Jicho la kulia liliiona ile herufi moja kubwa ya juu kabisa, basi. Daktari akaandika 6/60. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtu kuwa na uoni hafifu pale jicho lake bora, hata akivaa miwani, linaposhindwa kufika 6/18. Binti alikuwa ameupita mpaka huo kwa mbali tangu kabla ya kuanza darasa la kwanza. Mganga Mkuu akasaini, akagonga muhuri. Baba aliuliza kama hiyo ndiyo kazi yote. Akaambiwa ndiyo.

Safari hii steshenari kijana alikuwa mwingine, swali lilikuwa lilelile. Binti alijibu mwenyewe. Alipata mkopo wa kutosha na chuo kingine, akaanzia mwaka wa kwanza wakati rafiki yake wa Buigiri yuko mwaka wa tatu. Mkopo wa zamani nao haujaisha. Robo tatu yake inamsubiri kwenye mshahara wake wa kwanza, pamoja na huu mpya.

Mzazi mwenye mtoto kidato cha tano au cha sita, na unajua kuna kitu macho yake, masikio yake, viungo vyake au ngozi yake vinamdai kila siku: usingoje dirisha la maombi lifunguliwe. Nenda naye kwa Mganga Mkuu wa Wilaya likizo hii, fomu ya Bodi ikitoka mjue pa kuipeleka. Hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa na jina kwenye vyeti vya shule ni moja. Mkipangiwa pungufu, kateni rufaa wenyewe, na anayeomba fedha ili awasaidie mripotini polisi. Akifika chuoni, wiki ya kwanza aende kitengo cha mahitaji maalumu kabla hajaenda kununua ndoo. Na kwenye fomu, mwache ajibu mwenyewe.